Saratani ya umio: kupasuliwa au kutibiwa bila kisu?

Umio ni mrija unaoshusha chakula kutoka kooni hadi tumboni. Saratani ikiota humo, mtu huanza kukwamwa na vyakula vigumu, kisha vilaini, mwishowe hata maji. Wengi hufika kwa daktari wakiwa wameshakonda, na katikati ya hofu hiyo wanatakiwa wakubali au wakatae upasuaji mkubwa. Haya ndiyo maswali yanayowasumbua zaidi wagonjwa na ndugu zao.

Uvimbe umeshaonekana. Kwa nini daktari haukati sasa hivi, bado anaagiza vipimo?

Kwa sababu kuuona bado si kujua umefika wapi. Umio hauna ule utando wa nje unaofunika sehemu kubwa ya utumbo, kwa hiyo saratani ikishapenya ukuta wake inakutana moja kwa moja na njia ya hewa, mapafu na mshipa mkuu wa damu. Endoskopi, yaani kamera nyembamba inayopitishwa mdomoni, huonyesha uvimbe kwa ndani, na kinyama kinachochukuliwa hapo hutaja aina ya seli. Picha ya CT (eksirei za kompyuta), pamoja na PET (picha inayoonyesha seli zenye shughuli nyingi) inapopatikana, huonyesha kama ugonjwa umeshafika kwenye ini, mapafu au mifupa. Ukimpasua mtu ambaye saratani yake imeshafika kwenye ini, umempa kidonda kikubwa na miezi ya kujiuguza bila faida inayolingana na maumivu hayo. Siku za vipimo si uzembe.

Kinachoamua ni nini hasa?

Kwanza hatua ya ugonjwa. Saratani ambayo bado iko kwenye utando wa ndani tu mara nyingi hubanduliwa kwa endoskopi, kifua hakifunguliwi, na mgonjwa anabaki na umio wake. Iliyozama ndani ya ukuta au kufika kwenye tezi za jirani kwa kawaida huhitaji tiba zaidi ya moja. Iliyosambaa mbali, kwa kawaida haipasuliwi.

Halafu aina yake. Saratani ya seli bapa, zile zinazotanda umio kwa ndani, huitikia mionzi vizuri zaidi. Adenokasinoma, yaani saratani ya seli zinazotoa ute, ambayo hupenda kuota chini karibu na tumbo, haiitikii kwa kiwango hicho. Mahali napo pana neno: uvimbe ukiwa juu, shingoni, kuukata mara nyingi ni kuondoa na kisanduku cha sauti, ndiyo maana madaktari hutanguliza mionzi na dawa. Mwisho ni mwili wenyewe, yaani moyo, mapafu, lishe. Umri peke yake haumzuii mtu kupasuliwa.

Nimeambiwa nitapewa mionzi na dawa tu. Wameshanikatia tamaa?

Hapana. Hofu hii huwaumiza watu bure. Mionzi peke yake kweli ni dhaifu kwa ugonjwa huu. Nguvu huja inapotolewa sambamba na dawa za kemo, zile za kuua seli za saratani. Katika utafiti mmoja wa Marekani, ambao matokeo yake ya muda mrefu yalichapishwa mwaka 1999, kati ya waliopangiwa vyote viwili kwa bahati nasibu, karibu 26 kati ya kila 100 walikuwa hai baada ya miaka 5. Kundi la mionzi pekee halikubakiwa na hata mmoja. Hiyo ni tiba yenye lengo la kuponya.

Kisha Ujerumani (2005) na Ufaransa (2007) walilinganisha ana kwa ana mionzi na dawa vikifuatwa na upasuaji, na mionzi na dawa bila kisu, wengi wa wagonjwa wakiwa na saratani ya seli bapa. Wafaransa waliwachukua wale ambao uvimbe wao ulikuwa umeanza kunywea kwa mionzi na dawa: nusu wakapasuliwa, nusu wakaendelea na tiba ileile. Baada ya miaka 2, waliokuwa hai walikuwa 34 kwa 100 upande wa kisu na 40 kwa 100 upande wa pili, tofauti isiyotosha kusema mmoja ulishinda. Lakini ndani ya miezi 3 ya mwanzo walikufa takriban 9 kwa 100 waliopasuliwa, na 1 kwa 100 wasiopasuliwa. Upasuaji nao ulikuwa na sifa yake: tafiti zote mbili zilionyesha kuwa saratani hurudi palepale mara chache zaidi ukishakatwa.

Basi kwa nini wengine bado wanapasuliwa?

Kwa sababu wapo ambao uvimbe hauishi bila kukatwa, na wenye adenokasinoma ni wengi kati yao. Siku hizi kisu hakiendi peke yake. Utafiti wa Uholanzi wa mwaka 2012 ulionyesha kuwa wiki 5 za mionzi na kemo kabla ya upasuaji zilipandisha muda wa kati wa kuishi (ule ambao nusu ya wagonjwa huuvuka) kutoka miezi 24 hadi 49. Kwa adenokasinoma, utafiti wa Ujerumani uliochapishwa 2025 ulikuta kemo kabla na baada ya upasuaji ikifika miezi 66, dhidi ya 37 kwa mpango ule wa Kiholanzi. Kwa maoni yangu, mwenye adenokasinoma ambaye mwili wake unahimili kisu, akikikimbia kwa woga tu, anapoteza mengi.

Nikipasuliwa, nitaishi vipi?

Daktari huondoa sehemu kubwa ya umio, hulifinyanga tumbo liwe mrija na kulivuta juu kifuani au hadi shingoni, kisha huliunga. Hatari kubwa ni mshono kuvuja na nimonia. Sauti nayo inaweza kukwaruza. Ukitoka salama, kula kunabadilika. Unakula kidogo kidogo mara sita hivi kwa siku, na vinywaji unavitenga na chakula. Vitu vitamu vinaweza kukutoa jasho na kukupeleka mbio moyo dakika chache baada ya kumeza. Usiku unalala kichwa na kifua vimeinuliwa, maana ukilala chali chakula kinarudi kooni. Wengi huzoea, ila huchukua miezi.

Baada ya mionzi na dawa, endoskopi haioni kitu. Bado nikatwe?

Swali hili limeanza kupata jibu zuri. Waholanzi waliwafuata wagonjwa wa namna hiyo: baadhi walipasuliwa mara moja, wengine wakachunguzwa kwa ukaribu na kupasuliwa pale tu saratani iliporudi. Baada ya miaka 2, waliochunguzwa walikuwa hai 74 kwa 100, na waliopasuliwa 71. Lakini kuchunguzwa huko ni kazi: endoskopi, vinyama vinavyochukuliwa kwa kina na picha za PET, tena na tena kwa miaka. Asiyeweza kuhudhuria kliniki hizo asijidanganye kwamba yuko kwenye mpango huo.

Imeshasambaa. Ndiyo basi?

Zipo dawa za kemo na za kuamsha kinga ya mwili za kurefusha maisha, na stenti (kijibomba kinachowekwa ndani ya umio) au mionzi mifupi ya kufungua njia ya chakula. Kumeza tena ni jambo kubwa.

Nimuulize nini daktari kabla ya kutia sahihi?

Muulize ni aina gani ya seli na hatua gani, na kama kesi yako imejadiliwa na daktari wa upasuaji pamoja na wa mionzi. Uliza hospitali hiyo hufanya upasuaji wa umio mara ngapi kwa mwaka. Penye mazoea, vifo hupungua. Uliza pia uvimbe ukirudi baada ya mionzi, kisu kitawezekana? Unavuta sigara? Acha leo, mapafu yako yatahitajika njia yoyote utakayochagua.

Maoni ya daktari wa pili yanaweza kusubiriwa kwa siku kadhaa. Lishe haisubiri: ukishindwa kula vya kutosha, omba mrija wa kulishia mapema. Na siku ambayo hata mate hayapiti, nenda idara ya dharura siku hiyohiyo.