Je, wajua kwa nini benki hudhamini michezo miaka nenda miaka rudi?

Swali hili niliulizwa na mama mmoja aliyekuwa akichoma mahindi kando ya uwanja wa shule, upande wa Njoro. Ilikuwa fainali ya mashindano ya vijana wa ridhaa, na timu zote mbili zilikuwa zimevaa jezi zenye jina la benki kifuani. Karibu na goli palikuwa na hema, na ndani yake kijana mwenye tableti alikuwa akipiga picha vitambulisho vya watu na kuwafungulia akaunti. Mama akageuza hindi, akapuliza makaa, akasema: "Mimi wakinikopesha wananihesabia hadi senti. Hizi jezi wanagawa tu hivi hivi?"

Nilimjibu papo hapo kwamba wanakwepa kodi. Jibu hilo nilikuwa nalo tangu chuoni, na nimelisikia kwenye matatu, kwa kinyozi, hata kwa watu waliosomea biashara. Si kweli. Lakini lina chembe ya ukweli ndani yake, ndiyo maana halifi, na inafaa tulifumue polepole.

Kampuni nchini Kenya hulipa kodi ya asilimia 30 ya faida yake, si ya kila shilingi iliyoingia. Kabla kodi haijahesabiwa, gharama za kutafuta mapato hutolewa kwanza: mishahara, pango la jengo, stima, matangazo. Sheria ya Kodi ya Mapato imewahi kuruhusu pia gharama ya kudhamini michezo itolewe, mradi waziri wa michezo ameidhinisha mapema. Chembe ya ukweli ni hiyo. Sasa shika kalamu. Benki imepata faida ya shilingi 100. Isipodhamini chochote, KRA, yaani mamlaka ya kodi, inachukua 30 na benki inabaki na 70. Ikizitoa zote 100 zinunue jezi na mipira, KRA haipati kitu, na benki nayo haibaki na kitu. Imeepuka kulipa 30 kwa kutupa 70. Ni kama mfugaji wa Molo amwage debe zima la maziwa ili chama cha ushirika kisimkate pesa ya usafiri.

Tena, stima ya tawi hutolewa kwenye hesabu ya kodi vivyo hivyo, na hakuna anayesema benki huwasha taa ili kuikwepa KRA. Kodi hupunguza uchungu wa gharama, lakini haimpi mtu sababu ya kuingia gharama hiyo.

Wengine husema ni sadaka, ni kurudisha mkono kwa jamii. Sikatai kwamba ndani ya benki wamo watu wanaopenda michezo kwa dhati. Ila pesa hizo si zao. Wanahisa wana haki ya kuuliza zimeleta nini, na "tulifurahisha vijana" si jibu linaloweza kupita kwenye mkutano wao mwaka wa kumi mfululizo. Na miaka ni mingi kweli. Benki ya KCB, ambayo mizizi yake ni tawi la benki lililofunguliwa Mombasa mwaka 1896, ina timu za raga, soka na voliboli. Kina dada wake wa voliboli walitwaa ubingwa wa klabu za Afrika mwaka 2022. Standard Chartered jina lake limekuwa kwenye mbio za Nairobi Marathon tangu 2003 na kwenye jezi za Liverpool tangu 2010. Watu hawakai hivyo kwa sadaka.

Basi benki inanunua nini? Anza na kile inachouza. Ukinunua sukari unaionja. Kiatu unakijaribu mguuni. Lakini ukipeleka amana benki, unatoa pesa taslimu leo na kupewa ahadi. Huoni ndani ya vitabu vyao, na hata ungefunguliwa, ni wachache wetu wangevielewa. Mteja anaamua kwa dalili.

Fikiria steji ya boda pale Section 58, mjini Nakuru. Una kifurushi cha dawa cha kumpelekea mamako Kiamunyi. Mbele yako wamesimama waendeshaji wawili. Mmoja ndiyo mara ya kwanza kumwona, na pikipiki yake mpya inang'aa. Mwingine hata jina lake hulijui, lakini umemwona hapo miaka sita, mvua na jua, na jaketi yake ya reflekta imepauka mpaka rangi ya chungwa imekuwa kama maziwa. Kifurushi utampa nani? Utampa huyu wa pili, na leseni yake hujawahi kuiona. Kichwani umepiga hesabu bila kujua: huyu ana cha kupoteza. Akitoweka na dawa, anapoteza steji, wateja na jina lililomchukua miaka sita kulijenga. Yule mgeni akitoweka, kesho anaanza upya steji nyingine.

Udhamini wa benki ni kusimama kwenye steji. Jezi za mwaka mmoja ni pikipiki mpya: zinavutia macho, basi. Miaka kumi na mitano ni reflekta iliyopauka. Inazungumza kwa sababu haiwezi kununuliwa kwa siku moja, hata uwe na pesa kiasi gani. Mpinzani anaweza kutoa mara tatu zaidi mwaka huu, lakini miaka iliyopita hawezi kuinunua.

Muda huo hukaa kwenye ndimi za watu kuliko tunavyodhani. Ligi Kuu ya Uingereza ilibeba jina la benki ya Barclays, mwanzoni kupitia kadi yake ya Barclaycard, kuanzia 2001 hadi 2016. Tangu hapo ligi haina benki kwenye jina lake. Hapa kwetu Barclays yenyewe iligeuka Absa mwezi Februari 2020 na mabango ya zamani yakashushwa. Lakini kaa Kondele, Kisumu, jumamosi jioni watu wakibishana juu ya mechi, bado utamsikia mtu akisema "Barclays" akimaanisha ligi. Benki iliyoondoka barabarani bado inatajwa bure.

Sasa linganisha na wanaoondoka ghafla. Mwaka 2019 SportPesa, kampuni ya kamari, ilivunja udhamini wake wa michezo nchini ilipozozana na serikali, na klabu za soka za Gor Mahia na AFC Leopards, yaani Ingwe, zikabaki bila mdhamini. Upande wa magharibi tunaijua hadithi nyingine, ya viwanda vya sukari. SoNy Sugar, timu ya kiwanda cha Awendo, ilikuwa bingwa wa soka Kenya mwaka 2006; mwaka 2019 ilitimuliwa ligini kwa kukosa kufika mechi. Kiwanda cha Mumias nacho kilizama, na ni KCB iliyokikabidhi kwa meneja mrasimu, yaani msimamizi wa kukusanya madeni, mwaka huo huo wa 2019. Kiwanda hutegemea zao moja. Benki hupokea kutoka kwa mwalimu wa Butere, mwenye malori wa Nakuru na shamba la maua la Naivasha, kwa hiyo zao moja likifeli haiyumbi sana. Wapo waliosimama: Kabras Sugar ya Kakamega wamewatoa jasho wanabenki wa KCB kwenye raga mara nyingi, na siku hizo mimi huwa upande wa sukari.

Na gofu je? Kwenye uwanja wa gofu wa Nakuru au wa Kisumu utakuta bango la benki na wachezaji wa ridhaa wasiojaza hata basi moja. Hapo benki haitafuti umati, inatafuta wakopaji. Anayejenga ghorofa au kuagiza mashine ya kusaga hutembea na meneja wa mikopo mashimo kumi na manane, saa nne hivi. Uwanja wa shule huleta amana nyingi ndogo, na gofu huleta mikopo michache mikubwa. Benki inazihitaji zote mbili.

Lakini ukidai kwamba jezi zimeleta akaunti kadhaa, ushahidi ni mwembamba. Benki inayodhamini ndiyo hiyo hiyo inayofungua matawi, kuongeza mawakala na kutangaza redioni, na kutenganisha kilichofanywa na mpira ni kazi ngumu.

Nilipomweleza mama habari ya boda, alinyamaza kidogo, akanipa hindi, akauliza: "Kwani huyo wa reflekta iliyopauka hawezi kuiba?"

Anaweza. Northern Rock, benki ya Newcastle, jina lake lilikuwa kifuani mwa Newcastle United. Septemba 2007 wateja walipanga foleni barabarani kutoa akiba zao, na Februari 2008 serikali ya Uingereza ikaichukua. Dalili ni dalili tu. Hapa Kenya kilicho salama kisheria benki ikianguka ni shilingi 500,000 kwa kila mteja katika kila benki, chini ya bima ya amana, iwe benki hiyo ina timu au haina.

Royal Bank of Scotland nayo ilidhamini raga ya Mataifa Sita tangu 2003. Oktoba 2008 iliokolewa kwa pesa za umma, na ungetarajia jina liondolewe siku iyo hiyo. Halikuondolewa hadi 2017. Nadhani walijua kwamba mwenye boda akikosa steji siku moja baada ya uvumi, hakuna atakayeuliza kama ni mgonjwa.