SSD kwa kompyuta za Tanga: fikiria umeme kabla ya TBW

SSD ni diski ya kompyuta inayohifadhi data kwenye chipu za fleshi. Swali wanaloniuliza sana wenye steshenari wa hapa mjini ni hili: "Fundi, hii SSD itachoka lini?" Wanamaanisha kuchoka kwa kuandikwa. Ni kweli chipu za fleshi huchakaa kadiri zinavyoandikwa na kufutwa, na kila mtengenezaji hutaja kikomo cha dhamana kwa TBW, yaani terabaiti zitakazoandikwa. Kingston A400 ya GB 240 imepewa TBW 80, Samsung 870 EVO ya GB 500 imepewa 300. Tuseme kompyuta ya kuchapa na kujaza fomu inaandika GB 20 kwa siku, ambazo ni nyingi. Hata ile A400 itafika kikomo baada ya siku 4,000, karibu miaka 11. Hesabu hii imfae mwenye kamera za ulinzi zinazorekodi usiku na mchana. Wengine msiihangaikie.

Huku kwetu hofu yangu kubwa ni umeme kukatika ghafla. Ndani ya SSD kuna kontrola inayotunza jedwali la kuonyesha kila kipande cha data kimelala wapi kwenye chipu. Jedwali hilo hubadilika hata wewe ukiwa umeacha kugusa kibodi, maana diski huhamisha data zake chinichini. Umeme ukikatika wakati linaandikwa, linaweza kuharibika. Hapo inakuwa kama mtaa wetu wa Ngamiani, ambao barabara zake huitwa kwa namba, uamke bila namba hizo: nyumba zipo, watu wamo, lakini barua haifiki.

Dalili zake zinajulikana. Diski haionekani kwenye BIOS, yaani programu ya mwanzo kompyuta inapowaka, au inaonekana ina ukubwa wa ajabu. Kwa diski nyingi za bei nafuu zenye kontrola ya Phison S11, jina la kampuni hupotea na badala yake unasoma SATAFIRM S11. Ukiyaona maandishi hayo na data unazihitaji, izime. Usiifomati, wala usikubali mtu aipakie upya famweya, yaani programu ya ndani ya diski, kwa sababu kazi hiyo huanzisha jedwali jipya na data za zamani hazipatikani tena.

Diski za seva huwekewa safu ya kapasita, vihifadhi vidogo vya umeme, zinazoipa kontrola muda mfupi wa kumalizia kuandika. Diski za kawaida za dukani hazina kinga kamili ya namna hiyo, kwa hiyo kinga itoke nje. UPS, yaani betri ya akiba, ya VA 650 inatosha kompyuta moja ya mezani kuzimwa kwa utaratibu. Stebilaiza peke yake haisaidii, kwani haihifadhi umeme. Na laptopu iliyokufa betri, inayoishi kwa chaja tu, iko kwenye hatari ileile. Badilisha betri kabla ya kununua SSD.

La pili ni diski bandia. Ukiona TB 2 kwa bei ya GB 128, mara nyingi ndani mna chipu ndogo iliyofundishwa kudanganya ukubwa. Windows itaiamini, na mafaili yataanza kuharibika siku ukipita ukubwa wake halisi. Kipimo ni kuijaza yote na kuisoma tena: H2testw kwa Windows, F3 kwa Linux. Huchukua muda, lakini kubaliana na muuzaji kwamba utaipima na utairudisha ikikosea. Kisha fungua CrystalDiskInfo, programu ya kuonyesha afya ya diski. Diski inayoitwa mpya lakini ina saa 6,000 za kuwashwa ni mtumba. Kwenye orodha yake, hesabu ya mstari wa 05 ikipanda, diski inapoteza vipande vyake. Ya mstari wa C7 ikipanda, anza kubadilisha waya wa SATA unaounganisha diski na kompyuta, maana mara nyingi tatizo liko hapo.

Bado hata diski nzuri inaweza kufa bila kunong'ona. Diski ya zamani ya kuzunguka, yaani hadi disiki (HDD), mara nyingi huanza kugonga na kusuasua. SSD yaweza kufanya kazi jioni na asubuhi isionekane. Mwaka 2019 kampuni ya seva ya HPE ilitangaza kwamba baadhi ya SSD zake za seva zingekufa zikifikisha saa 32,768 za kuwashwa, kwa kosa la famweya. Zilizoanza kuwashwa siku ileile zingekufa pamoja. Ndiyo maana sishauri bakapu ikae kwenye SSD pacha ya ile iliyomo kwenye kompyuta. Weka kwenye hadi disiki ya nje. SSD iliyochakaa na kuachwa kabatini bila umeme nayo si ya kutumaini: kipimo cha JEDEC, shirika la viwango vya chipu, kwa diski za kawaida zilizomaliza TBW zake ni kutunza data mwaka mmoja kwenye nyuzi joto 30, na Februari ya Tanga inapita hapo.

Kwa steshenari ningechukua ya SATA, GB 500, chipu za TLC (zinazotunza biti tatu kwa seli), yenye DRAM yake (kumbukumbu ya kuwekea lile jedwali), dhamana ya miaka 5, na nisiijaze zaidi ya robo tatu. Tunza risiti na namba ya diski. Dhamana itakurudishia diski, data hairudishi.