Pumu na mzio: kilicho cha ukoo na kilicho cha vijidudu

Dhana: Pumu ni ya ukoo, na aliyezaliwa katika ukoo huo hana pa kukimbilia.

Ukweli: Mtoto wa mzazi mwenye pumu ana hatari kubwa zaidi, lakini athari ya jeni alizorithi hutegemea pia mazingira anamokulia. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016 ulilinganisha jamii mbili za wakulima wa Marekani zenye asili inayofanana ya Ulaya: Waamish, wanaolima kwa farasi na ambao watoto wao hukua karibu na zizi, na Wahutterite, wanaotumia mashine kwenye mashamba makubwa yaliyo mbali na makazi. Pumu ilikuwa kwa takriban asilimia 5 ya watoto wa Kiamish na asilimia 21 ya watoto wa Kihutterite, na vumbi la nyumba za Waamish lilikuwa na masalia ya bakteria karibu mara saba zaidi. Mfugaji wa Rungwe au Njombe atayatambua maisha hayo ya Waamish, ila asidhani kwamba moshi wa kuni jikoni nao ni kinga. Moshi huo hudhuru mapafu.

Dhana: Basi mtoto aachwe augue mafua mengi ili mwili ukomae.

Ukweli: Hii ndiyo dhana inayonitia hofu zaidi, kwa sababu kuishi karibu na bakteria wa zizini si sawa na kuugua. Wapo watoto wanaorithi maumbo fulani ya jeni katika kromosomu ya 17 (mojawapo ya nyuzi zinazobeba jeni), na miongoni mwao, wale waliowahi kubanwa kifua na kutoa mlio wa filimbi kwa sababu ya virusi vya mafua ya kawaida ndio ambao hatari yao ya pumu hupanda sana. Kwa hiyo mafua yaleyale ya baridi ya Juni na Julai hapa Mbeya humwacha mmoja salama na kumwachia mwenzake tatizo la miaka, na mtoto mchanga anayetoa mlio huo anastahili kupelekwa kituo cha afya, hasa ikiwa mzazi wake ana pumu.

Dhana: Dawa za minyoo huleta mzio (aleji), kwa kuwa minyoo huuzuia.

Ukweli: Huko Gabon, watoto wenye kichocho, ambacho nacho huletwa na minyoo, waliitikia kwa uchache vipimo vya ngozi vya mzio wa vumbi la nyumbani. Hata hivyo kipimo cha ngozi si ugonjwa, minyoo mviringo ya tumbo (Ascaris) imehusishwa na pumu zaidi, na upungufu wa damu unaoletwa na safura ni hakika.

Dhana: Maziwa mabichi hukinga dhidi ya mzio.

Ukweli: Watoto wa mashambani Ulaya wanaoyanywa huwa na mzio kidogo, lakini maziwa hayo yanaweza kubeba pia vijidudu vya homa ya brusela na vya kifua kikuu cha ng'ombe. Yachemshwe.