Jamani, chini ya Ziwa Tanganyika hakuna friji

Kila ikisambaa video ya Ski Dubai, ule ukumbi wa theluji wa ndani kule Dubai, watu wanateleza kwenye theluji huku nje jua linachoma, lazima atokee mtu aniulize mbona Kigoma hatujengi ya kwetu, eti ziwa lina kina cha karibu kilomita moja na nusu, huko chini si barafu tupu, vuta bomba tu fundi. Nimechoka. Leo naandika ili siku nyingine nitume linki.

Huko chini ni kama digrii 23. Juu ni 25 hadi 27, tofauti ndo hiyo basi. Ndiyo, Toronto wanavuta maji ya digrii 4 toka Ziwa Ontario, mita 83 tu, lakini wenzetu wana majira ya baridi yanayopoza ziwa kila mwaka, maji mazito yanazama yanatulia huko. Sisi baridi hiyo tutaitoa wapi, Kasulu? Tena ukipita mita 100, 200 hivi, oksijeni hamna, kuna salfidi ya haidrojeni, ile inayonuka yai viza, nayo inatafuna shaba, kwa hiyo kondensa yako, ile sehemu ya mashine inayotoa joto nje, utaizika mapema. Maji ya juu juu ndo ya maana: ukipoza kondensa kwa maji ya 26 badala ya hewa ya saa nane mchana, kila digrii inayoshuka inaokoa umeme kama asilimia 2 au 3. Ila ukiyamwaga ya moto ufukweni kwenye mazalia ya samaki, huo uendelevu ni wa kwenye bango tu.

Halafu "weka sola". Weka, sijakataa. Ila angalia kwanza joto linaingilia wapi: paneli ya povu ya ukutani ya milimita 200, ndani hasi 2, nje 33, inapitisha wati 4 hivi kwa mita ya mraba. Ukuta wa mita za mraba 100 ni wati 400, hata pasi yako inakula zaidi ya hapo. Anayekumaliza ni mlango! Mlango wa mita 2 kwa 2.5 ukiachwa wazi bila pazia unaweza kuingiza joto la zaidi ya kilowati 100, na zaidi ya nusu yake ni mvuke. Hewa baridi ni nzito, inatoka nje kwa chini, unaisikia miguuni, ya nje yenye unyevu wa ziwa inaingilia juu, ule mvuke ukigusa koili, yale mabomba ya baridi ya ndani, unaganda, mapezi yake (vile vibati vyembamba) yanaziba yote meupe, feni inazunguka hewa haipiti, na fundi wa haraka haraka anakwambia gesi imepungua, anaongeza gesi. Wee! Kisha unawasha hita ya kuyeyusha barafu ndani ya chumba hichohicho unacholipia kukipoza. Kolruumu (vyumba vya baridi) za samaki huku ndo zilivyo, vijana wanapakia, mlango umewekewa jiwe usijifunge. Kwenye theluji itakuwa vilevile, tofauti ni kwamba badala ya makreti ya migebuka wanapita watoto wa shule.

Kwa hiyo hela ya kwanza ni milango miwili yenye chumba katikati, na mashine ya kukausha hewa humo katikati. Na hesabu ya mlango yenyewe, tusidanganyane, ni kukisia: fomula inataka dakika mlango unazokaa wazi kila saa, unaweka namba iliyokujia kichwani, ripoti inatoka na desimali mbili.

Mengine fasta. Chini ya sakafu pitisha mabomba ya glaikoli (kimiminika kisichoganda upesi) ya uvuguvugu, la sivyo udongo unaganda unainua zege, na joto hilo unalipata bure kwenye kondensa. Gesi ya kupozea iwe amonia, ibaki chumba cha mashine, kwa watu ipite glaikoli. R404A, gesi nyingine ya kupozea, inapasha dunia zaidi ya mara 3,900 ya kaboni dayoksaidi, na makubaliano ya kuzipunguza gesi za aina hiyo yalifanyika 2016 hapo Kigali, jirani kabisa, tusijifanye hatujasikia. Theluji chafu usiitupe, kilo moja ikiyeyuka inabeba kilojuli 334, ipitishe kwenye AC ya jengo la pembeni.

Sasa tujenge? Hapo hata mimi nasitasita, maana hata ikisukwa vizuri bado ni mashine usiku na mchana kwa ajili ya kuteleza. Ningeanza na barafu ya wavuvi, paneli ni zilezile, koili zilezile. Mwenye hela za theluji anipigie, ila aje na mchoro wa mlango kwanza.