Maana ya kufichua katika bima ya gari lililobadilishwa

Katika mazungumzo ya kila siku, kufichua ni kulitoa hadharani jambo lililositiriwa, na mara nyingi neno hilo huandamana na dhana ya siri au aibu. Katika bima halina ubaya wowote. Ni wajibu wa mwenye kukata bima kumweleza mtoa bima, kabla ya mkataba kufungwa, kila jambo analolijua ambalo lingemfanya mtoa bima mwenye busara akatae kuibeba hatari hiyo, au akubali kuibeba kwa ada kubwa zaidi au kwa masharti mengine. Mambo ya namna hiyo huitwa mambo muhimu. Wajibu huu huwaponyoka kwa urahisi wamiliki wa magari ya fowili, yaani yanayosukumwa na magurudumu yote manne, hapa Unguja na Pemba, kwa sababu gari halibadilishwi kwa siku moja: mwaka huu hufungwa matairi makubwa, mwakani springi ndefu, baadaye winchi ya kujivutia likikwama na bampa la chuma, na muda wote huo karatasi za bima huendelea kulitaja gari lile lile lililoteremshwa bandarini likiwa kama lilivyotoka kiwandani.

Kanuni yenyewe ni ya zamani na ilizaliwa kwenye bima za ng'ambo. Mwaka 1766 jaji wa Uingereza, Lord Mansfield, aliamua kesi ya Carter na Boehm, iliyohusu bima ya ngome ya Waingereza huko Sumatra ambayo ilitekwa na Wafaransa. Alieleza kwamba mambo ambayo hatari hupimwa kwayo mara nyingi yamo katika ujuzi wa mwenye kukata bima peke yake, na mwenziwe humwamini kwamba hakumzuilia kitu. Kinachosahaulika ni kwamba katika kesi hiyo aliyeshinda ni mwenye bima, kwa kuwa mtoa bima alikuwa na uwezo wa kuyajua mwenyewe mambo aliyodai kufichwa. Kwa hiyo wajibu huu una pande mbili, na mwenye gari hana haja ya kufichua yale ambayo kila mtu anayajua, kwa mfano kwamba mvua za masika huziharibu njia za udongo. Hata hivyo mtoa bima aliye ofisini mjini hawezi kujua kwamba gari limenyanyuliwa, wala kwamba kila mwisho wa wiki huteremshwa wangwani.

Linaloitwa badiliko ni lolote linaloliondoa gari katika hali aliyolitoa nayo mtengenezaji. Si kila badiliko lina uzito sawa, na redio mpya haimshughulishi mtu, lakini mengi ya yale yanayopendwa na wenye kuendesha nje ya barabara hugusa moja kwa moja uwezekano wa ajali. Gari likinyanyuliwa, uzito wake husogea juu, nalo hupinduka kwa wepesi zaidi kwenye kona au mteremkoni; mipira ya breki huvutika na shafti hufanya kazi kwa pembe ambazo hazikukusudiwa. Matairi makubwa ni mazito zaidi kusimamisha, na isitoshe hupotosha saa ya mwendo: tairi ambalo kipenyo chake kimezidi kwa asilimia 10 hulipeleka gari kilomita 88 kwa saa huku mshale ukionyesha 80. Kerieri iliyojazwa mizigo na hema juu ya paa huongeza tatizo lile lile la uzito. Bampa la chuma humlinda mwenye gari dhidi ya miti, lakini humuumiza vibaya zaidi mtembea kwa miguu akigongwa. Mtu anayeyasoma haya kama lawama dhidi ya magari yaliyobadilishwa atakuwa hakunielewa, kwani gari lililofanyiwa kazi na fundi hodari na likakaguliwa linaweza kuwa salama kabisa kwa kazi yake. Hoja ni kwamba si gari lile lililopangiwa ada.

Nusu ya pili ya ufichuzi, ambayo naiona ndiyo yenye kuleta balaa zaidi, ni matumizi. Mtu anaweza kuorodhesha springi, winchi na snokeli (bomba la kuvutia hewa ya injini kutoka juu) moja baada ya nyingine, na bado akawa hakusema lililo muhimu kuliko yote, yaani anakoendesha na kwa nini. Hati ya bima huwa na sehemu inayotaja mipaka ya matumizi, na gari lililokatiwa bima kwa safari binafsi halimo ndani ya mipaka hiyo siku linapowachukua wageni kwa malipo kwenda Kizimkazi au kuvuka Msitu wa Ngezi hadi fukwe za Vumawimbi. Mashindano na majaribio ya mwendo hutengwa waziwazi katika mikataba mingi. Katikati ya safari binafsi za kawaida na mashindano kuna eneo lenye utata: njia za mawe makali ya uwanda wa mashariki mwa Unguja, vijia vya mashambani Pemba ambavyo wakati wa masika huwa utelezi mtupu, na mchanga wa pwani. Je, hizo ni barabara? Mkataba mmoja unaweza kuzikubali, na mwingine ukasema kwamba gari litalindwa likiwa tu kwenye njia zilizokusudiwa kupitisha magari. Jibu linapaswa kutafutwa katika maneno ya hati yenyewe, na kama hati imenyamaza, liombwe kwa maandishi.

Pwani inahitaji neno la pekee. Bahari yetu hujaa na kupwa mara mbili kwa siku, na wakati wa bamvua, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, maji hupwa mbali na kurejea kwa kasi. Gari lililokwama mchangani saa za kupwa linaweza kuwa limefunikwa hadi vioo kabla ya trekta kupatikana. Hapo huulizwa maswali ambayo ufichuzi peke yake hauyamalizi, kwa sababu hata mwenye gari aliyesema kila kitu hulipwa tu kwa hasara ambazo mkataba unazibeba. Injini ikivuta maji, konrodi, yaani vyuma vinavyoshika pistoni, huweza kupinda, kwa kuwa maji hayagandamiziki kama hewa. Mtoa bima anaweza kudai kwamba huo ni ubovu wa mitambo au uzembe wa dereva badala ya ajali. Snokeli huinua mahali pa kuvutia hewa na haiifanyi injini wala nyaya za umeme zisiingie maji. Kutu ya chumvi inayokula chasisi taratibu huhesabiwa kuwa uchakavu, nao haufidiwi. Tairi lililochanwa na jiwe bila gari kupata ajali nyingine kwa kawaida ni hasara ya mwenyewe. Gharama za kulivuta gari kutoka lilipokwama nazo mara nyingi hulipwa kwa kiwango kidogo kilichotajwa kwenye hati, ambacho huenda kisitoshe kwa kazi ya ufukweni.

Mwenye bima ndogo, ile ya kuwalinda watu wengine, asidhani kwamba mjadala huu unawahusu wenye bima kubwa, inayolipa hata hasara ya gari lenyewe, peke yao. Ni kweli kwamba bima ndogo hailipi hasara ya gari lake hata kidogo, lakini mikataba mingi huwa na kipengele kinachomruhusu mtoa bima, baada ya kumlipa aliyeumizwa kwa sababu sheria inamlazimisha, kumrudia mwenye gari aliyekiuka masharti na kumdai fedha hizo.

Kufichua badiliko pia hakumaanishi kwamba thamani yake imekwisha kukatiwa bima. Tuchukue gari lililonunuliwa kwa shilingi 30,000,000 na kukatiwa bima kwa thamani hiyo, kisha mwenyewe akafunga vifaa vya shilingi 10,000,000. Likipata ajali yenye hasara ya shilingi 12,000,000, na mkataba ukawa na kipengele cha uwiano, mtoa bima atasema kwamba aliikubali robo tatu ya thamani halisi, kwa hiyo atalipa robo tatu ya hasara, yaani shilingi 9,000,000, na kutoka humo atakata sehemu ambayo mkataba unamtaka mwenye bima aibebe mwenyewe. Likiteketea lote, hatovuka milioni 30.

Namna ya kufichua si ngumu, ila inahitaji maandishi. Kumwambia wakala kwa mdomo, hata awe jirani mnayesali pamoja, ni ushahidi mwepesi siku ambayo mkadiriaji wa hasara anapima urefu wa springi na kuulinganisha na fomu ya maombi iliyoachwa wazi. Orodha ya mabadiliko iwe na tarehe, jina la gereji, risiti na picha, na iambatane na sentensi moja iliyo wazi kuhusu njia zinazopitwa na kama kuna abiria wanaolipa. Badiliko likifanywa katikati ya mwaka, taarifa ipelekwe wakati huo huo badala ya kungoja kuhuisha bima, kwa sababu mikataba mingi inadai hivyo. Hata aliyechagua takafuli, yaani bima ya Kiislamu ambayo washiriki huchangia mfuko wa kusaidiana, yumo katika wajibu huu, na pengine kwa uzito zaidi, kwani anayeficha huko huwapunja wachangiaji wenziwe. Mtoa bima akikubali, atoe nyongeza ya mkataba inayoyataja mabadiliko na matumizi hayo kwa majina, na nakala yake ihifadhiwe nyumbani, si ndani ya gari ambalo maji ya bamvua yakilipata yatazichukua na karatasi zake.