Ufuatiliaji wa Muda Mrefu wa Planktoni: Maana Yake

Planktoni ni viumbe wanaoelea majini na kuchukuliwa na mikondo kwa kuwa hawana nguvu ya kuogelea dhidi yake. Baadhi ni mwani wa seli moja unaojitengenezea chakula kwa mwanga wa jua, na wengine ni wanyama wadogo sana wanaoula mwani huo. Dagaa wanaoanikwa katika mialo ya Mwanza wamenenepa kwa wanyama hao, hivyo hali ya planktoni huishia sokoni hata kama mnunuzi hajawahi kuwaona.

Kuwafuatilia kwa muda mrefu ni kuchukua sampuli mahali palepale, katika majira yaleyale na kwa chombo kilekile, kwa miongo mingi. Sharti la chombo kilekile ndilo linalosahaulika mapema kuliko yote, kwa sababu wavu wenye matundu makubwa zaidi huwapitisha wadogo, na mtafiti anayeulinganisha na wavu wa zamani anaweza kutangaza upungufu ambao haupo. Planktoni pia huzaliana upesi na kutawanywa na upepo. Katika Ziwa Victoria, upepo wa kusi wa miezi ya Juni hadi Agosti huyachanganya maji na kuinua virutubisho kutoka chini, kwa hiyo ndoo iliyochotwa Agosti na nyingine iliyochotwa Februari zitatofautiana sana bila ziwa lenyewe kubadilika kimsingi.

Baharini mfano maarufu ni chombo kilichobuniwa na Mwingereza Alister Hardy katika miaka ya 1920, ambacho tangu 1931 kimekuwa kikiburutwa nyuma ya meli za kawaida za biashara. Maji huingia kwa tundu dogo la mbele na kupita kwenye utepe wa hariri unaojiviringisha polepole, viumbe hunaswa juu yake, kisha utepe wa pili huwafunika na wote huhifadhiwa katika dawa. Maabara huhesabu viumbe kwa hadubini, na hata ukijani wa hariri hulinganishwa na kipimo cha rangi. Kazi hiyo ilisimama wakati wa Vita Kuu ya Pili, lakini mbinu yake haijabadilika sana, na ndiyo maana imeweza kuonyesha kwamba katika Atlantiki ya Kaskazini wanyama wa planktoni waliozoea maji ya uvuguvugu wamesogea kaskazini kadiri bahari inavyopata joto.

Ziwa Victoria halina utepe wa namna hiyo. Lilipimwa mwaka 1927 na 1928, likapimwa tena kwa makini mwaka 1960 na 1961, na ilipofika miaka ya 1980 na 1990 watafiti walikuta mambo yamegeuka: mwani wenye magamba ya silika (madini yanayofanana na kioo) uliotawala zamani ulikuwa umepungua, na bakteria wa kijani-buluu, wale wanaofanya maji ya ghubani yaonekane kama rangi iliyomwagika, walikuwa wameshika nafasi. Virutubisho kutoka mashambani, mijini na katika misitu iliyokatwa vilikuwa vimeongezeka, sangara, samaki wakubwa wanaokula wenzao, walikuwa wamefurika, na aina nyingi za furu, samaki wadogo wa asili ya ziwa hilo, zilikuwa zimetoweka. Kwa kuwa mengi ya hayo yalitokea kati ya vipimo hivyo vilivyoachana sana, ilikuwa rahisi kumtupia sangara lawama zote. Ilibidi watafiti wachimbe matope ya sakafu ya ziwa na kuyasoma tabaka kwa tabaka, ndipo ikabainika kwamba ziwa lilianza kurutubika kupita kiasi kabla ya sangara kufurika. Matope hayo, hata hivyo, hayatunzi kila kitu. Viumbe laini huoza bila kuacha alama.

Siku hizi setilaiti huonyesha ukijani wa ziwa zima kwa picha moja, na wapo wanaoona kwamba wavu na hadubini vimepitwa na wakati. Sikubaliani nao. Kutoka angani ni vigumu kutambua aina ya mwani, tope la mito karibu na ufuo huvuruga usomaji, na wanyama wanaoliwa na dagaa hawana ukijani wa kupimwa.