Kazi ya mwalimu wa fasihi haiishi chuoni

Watu wakisikia profesa wa fasihi wanafikiria mtu amejifungia ofisini na vitabu anasahihisha tasnifu, na hiyo kazi ipo kweli, kuna lekcha, kuna mitihani, kuna makala za kuandika kama unataka kupanda cheo. Lakini mimi nafundisha ushairi wa Kiswahili na niko Mombasa, sasa nikikaa chuoni tu nitafundisha nini jamani, na huu ushairi wenyewe umetoka mitaani?

Chukua Muyaka bin Haji. Malenga wa hapa hapa Mvita, alifariki karibu mwaka 1840, na diwani yake ikaja kuchapwa 1940. Miaka 100 hivi! Muda mwingi kati ya hapo mashairi yalikuwa vichwani mwa watu, mpaka mwishoni mwa karne ya 19 Mwalimu Sikujua akayakusanya kwa wenyeji, akisaidiana na yule mmisionari Taylor. Muyaka kila mtu anamjua, Sikujua wengi hawajamsikia kabisa, ndio maana kila semista mimi naanza na jina lake. Alikuwa mwalimu, na alichofanya leo kwenye fomu zetu kingeandikwa "huduma kwa jamii", kijisehemu kidogo chini kabisa, baada ya makala na makongamano. Mimi hilo silikubali hata kidogo, hiyo ndiyo kazi yenyewe.

Jioni nakaa na vijana wa sekondari Mji wa Kale, wengi wanauogopa ushairi kwenye ile karatasi ya tatu ya KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari hapa Kenya. Hatuanzi na istilahi, tunaanza na sauti. Nawapa mishororo miwili, mfano hii niliwatungia mwenyewe:

Bahari haina lango, kila chombo hupitia
Na atwekaye kwa ringo, pepo humrudishia

Waghani kwanza, ndio wahesabu mizani kwa vidole, yaani silabi, kila pigo la sauti moja. Nane kwa nane, mizani 16 kila mshororo, vina, zile sauti zinazofanana, vya kati ngo na vya mwisho ia. Sasa wanapokwama ni kwenye "pepo humrudishia", wanapata saba. Mbona "chombo" ile m haikuhesabiwa, hapa ihesabiwe? Kwa sababu kwenye chombo m imeshikana na b, ni pigo moja, lakini hu-m-ru-di-shi-a hiyo m inasimama peke yake na ina pigo lake. Ukiisoma kwa macho hupati, ukiighani sikio linakwambia lenyewe. Kuna binti aliirudia akipiga meza kwa vidole mpaka ikakaa sawa, akaanza kuwafundisha wenzake, mimi nikanyamaza nikamwachia darasa.

Halafu kuna nyanya zetu. Nyimbo za vugo, zile wanawake wanaimba harusini wakigonga pembe, nyingi bado ziko vinywani mwao, na wanafunzi wangu nawapeleka huko. Ukikaa nao ndio unajua kwamba wimbo una mwenyewe, una aliyejibiwa, una harusi uliyotungiwa, mambo ambayo ukipewa maneno matupu kwenye karatasi huyaoni.

Basi kama una bibi nyumbani anayejua nyimbo hizi usingoje profesa, simu yako inatosha. Muombe ruhusa kwanza, wala usimrekodi kwa kumvizia. Anza kwa kutaja jina lake kama ameridhia, tarehe na mtaa. Muache aimbe mpaka mwisho, akisahau usimkatize, mara nyingi beti inarudi akianza upya. Ndio umuulize kauimba wapi, nani kamfundisha, nani alikuwa anajibiwa. Nakala moja ibaki kwake au kwa wanawe, ya pili iweke mbali na simu, na kabla hujairusha kwenye WhatsApp muulize tena, maana nyimbo nyingine zina majina ya watu.